Maua ya Panga ya Nyamisi

Majivu ya jikoni yakigusa mzizi mbichi uliokatwa, inatoka harufu fulani. Siyo nzuri, siyo mbaya. Ni kama tangawizi iliyokosa ukali, halafu ikachanganyika na chuma kilicholowa. Wengi hamuijui na siwalaumu. Nani mwenye akili zake anaupaka mzizi majivu kama anampaka mtoto poda? Kwetu tulipakaga. Na wiki iliyopita nimepiga magoti kwenye kaburi la Mama, udongo bado mwekundu, mkono mmoja mzizi, mkono mwingine kopo la majivu, harufu ile ikanipanda puani nikawa mtoto palepale. Mtoto mwenye pengo mbele na mdomo usiofungwa.

Mdogo wangu Bwire alikuwa amesimama nyuma yangu na jembe, anataka kufukia. Hapo nitarudi. Kwanza niseme huo mzizi ulitoka wapi.

Baba alikuwaga mtunza bustani wa Mzungu mmoja pale Musoma mjini, nyumba ya karibu na ziwa. Uhuru ulipokuja Mzungu akafunga masanduku, akawaambia wafanyakazi wachukue asivyoweza kubeba. Mpishi akachukua kitanda cha chuma. Dobi akachukua kioo kirefu cha kujitazama, ingawa kwa sura ile aliyokuwa nayo sijui alikuwa anatafuta nini humo ndani. Baba yangu, bwana, akaenda bustanini akang'oa maua. Akafunga debe nyuma ya baiskeli akaja nalo mpaka Suguti.

Mimi sikuwepo, ila Mama aliisimulia mpaka ikawa kama niliona. Anasema alitoka mbio kumpokea mumewe, amejifunga kanga mpya, anajua vinakuja viti.

"Wenzako wameleta vitanda," akamwambia, "wewe umeniletea majani?"

"Ni maua haya."

"Yanaliwa?"

"Hapana."

Mama akamvuta mbuzi aliyekuwa amefungwa pale uani. Mbuzi akanusa debe, akapiga chafya, akageuka.

"Hata mbuzi kakataa," Mama akasema. "Ndio Uhuru wetu huo."

Jina lake la Kizungu Baba alilisahau huko huko njiani. Majani yalikuwa marefu, yamesimama, yamechongoka, basi tukayaita maua ya panga. Ua lenyewe lilikuwa bluu ya kuelekea zambarau, midomo imening'inia chini kama ulimi wa mbwa aliyekimbia. Mtu wa kwetu akiliona anacheka kwanza, halafu anarudi kulitazama tena.

Halafu Nyamisi akafa. Nyamisi alikuwa dada yangu, mtoto wa kwanza, ndiyo maana Mama aliitwaga Mama Nyamisi na kila mtu, mpaka Baba mwenyewe. Surua ilimchukua mimi nikiwa nanyonya. Alizikwa nyumbani, upande wa nyuma karibu na ghala la mtama, kama watu wa kwetu walivyozika, mtoto haendi mbali na mama yake. Mama akayahamisha maua ya panga yote juu ya kaburi. Yale yale aliyoyacheka.

Kwa hiyo mimi sikumjua Nyamisi mwenye miguu. Nilimjua Nyamisi mwenye majani. Kila asubuhi Mama akitoka na ndoo anapita nyuma ya nyumba anasema, "Nyamisi, umeamkaje?" Halafu anamwagia kidogo maji yaliyobaki kwenye kata. Jamani, mngenilaumu? Nikaona dada yangu ndiye lile fungu la majani, basi. Nikawa namtania. Nikichapwa naenda kumsemea Mama kwake. Siku akitoa ua namwambia, "Leo umependeza, unaenda wapi?" Bibi yangu, mama yake Baba, alinisikia akashtuka. "Wewe mtoto," akasema, "waliolala hawataniwi." Nikamjibu mbona Mama anamwamsha kila siku. Nilipigwa kofi la mdomo.

Sasa wewe wa rika langu unakumbuka mwaka ule wa kuhama, sina haja ya kukuchorea. Ulianza na mkutano. Wakaja vijana na suruali za kaki kutoka Bunda, wakasema watu wasikae wametawanyika kama kuku, wakae pamoja kijijini, kuna shule, kuna bomba, kuna zahanati. Maneno yalikuwa matamu, mimi mwenyewe nilipiga makofi. Kijiji chetu kipya kilikuwa kando ya barabara kuu. Wakasema muda upo, hameni polepole. Kumbe polepole yao ilikuwa na lori. Balozi wetu, Mzee Mafuru, akaja siku moja amekunja uso, akamwambia Baba, "Kesho mgambo wanapanda huku. Nyumba itakayokutwa ina paa, watalitoa wao. Toeni wenyewe, angalau mbao mtabaki nazo."

Nyumba nzima ikawa mbio. Baba anateremsha nyasi, Bibi anafunga vyungu. Mama hakufunga kitu. Alikaa nyuma ya nyumba amemtazama Nyamisi.

"Mama Nyamisi, inuka," Bibi akamwambia. "Kaburi halihami."

"Najua halihami."

"Basi?"

"Basi sitamwacha peke yake porini, mama. Atauliza tumeenda wapi."

Bibi akarudi kwenye vyungu vyake.  Baba akashuka kutoka juu ya paa, nyasi kichwani, akasema yatagawanywa. Akasema huu siyo wakati wake, yana vitumba, ukiyakata sasa yanaweza kugoma, ila hakuna namna. Nusu ibaki na Nyamisi, nusu iende nasi. "Hapo atakuwa huku na huku," akasema. Mama akaitikia kwa kichwa. Akafuta kamasi na kanga.

Nataka mjue nilivyoona mimi. Baba alichimba kuzunguka, akalinyanyua fungu zima na udongo wake, likatoka na mizizi kama nywele. Chini kulikuwa na viazi vyake, vimeshikana kama vidole vya mtu aliyekunja ngumi. Akavisuuza kwenye karai. Halafu akachukua kisu cha kuchunia.

Nikapiga yowe mpaka kuku wakaruka. "Baba anamchinja Nyamisi!"

"Nyamaza, hachinjwi mtu," Baba akasema. "Njoo uone. Akikaa fungu moja muda mrefu anajibana, anaacha kutoa maua. Ukimgawa anaongezeka."

Akavunja, akakata. Vile vichanga vya pembeni vyenye jani akaviweka upande mmoja. Akakata majani juu yakabaki mafupi kama mkia wa kuku. Palipokatwa akapaka majivu, pasioze. Ndiyo harufu yangu ile. Na kile kiazi cha katikati, kikubwa, cheusi, chenye mikunjo, akakitazama akakirusha jaani.

"Hicho je?" nikauliza.

"Kizee hicho. Hakizai tena. Kinaachwa."

Nikageuka nikamwangalia Bibi, amekaa katikati ya vyungu vyake, mweusi, ana mikunjo. Nikajua kuhama ni nini. Nikaenda nikamshika Bibi kanga sikuiachia mpaka lori. Watu wakasema loo, huyu mtoto anampenda bibi yake. Nilikuwa namlinda asitupwe jaani.

Usiku haukupita hata vizuri, mgambo wakaja. Paa tulikuwa tumelitoa. Wakasukuma ukuta kwa mikono, ukakaa chini kama mtu aliyechoka. Nusu Baba alishairudisha kaburini. Tukapanda lori na Nyamisi nusu, yumo kwenye karai, Mama amempakata.

Kijiji kipya kilikuwa mstari. Nyumba, nyumba, nyumba, kama tuko paredi. Yaani vibanda vya miti, ukuta bado. Bomba halikuwepo. Zahanati ilikuwa kibao kimeandikwa. Baba akapanda Nyamisi nyuma ya kibanda chetu, akanifundisha. Usimfukie mgongo. Mizizi ndiyo iingie chini, kiazi chenyewe mgongo wake ubaki nje uote jua.

"Kama nani?" akaniuliza.

"Kama kiboko ziwani," nikasema, na Mama akacheka. Kicheko cha kwanza tangu tutoke kwetu.

"Sawasawa. Ukimfukia anaoza. Mkumbushe mama yako."

Baba akaondoka na wanaume wengine kukata miti ya kujengea, mbali, wakawa wanalala huko huko. Sisi tukabaki wanawake na watoto na inzi. Majirani hatujuani. Mwandikaji wa kaya alipita, akamkuta Mama amembeba Bwire mgongoni, mtoto mchanga, akaandika Mama Bwire. Mama akamwambia, "Mimi naitwa Mama Nyamisi." Akauliza Nyamisi yuko wapi amhesabu. Mama akakaza kanga ya mgongoni. Ikabaki Mama Bwire.

Maji tulichota kwenye shimo moja na ng'ombe. Watoto wakaanza kuharisha. Kibanda cha tatu kutoka kwetu wakazika, cha nyuma yetu wakazika wawili. Makaburi yenyewe yalipangwa mstari, nikamwambia Bibi hawa watu hata kufa wanataka tushike mkono begani. Bibi hakunipiga. Hapo nikaogopa.

Halafu Bwire. Asubuhi alikuwa analia, jioni hakuwa analia tena. Macho yameingia ndani. Ukimbana ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Mama anamtia maji ya uji kwa kijiko, yanatoka upande huu na ule.

Bibi akatoka nje akazunguka nyuma. Akakaa huko. Aliporudi alimwambia Mama bila kupandisha sauti.

"Mama Nyamisi, nimeona nyuma ya nyumba."

"Umeona nini?"

"Kitu kimetoka kaburini, mmekiweka mgongo wazi juani. Mnajua maana ya hiyo? Aliyelala asipofunikwa anasikia baridi. Akisikia baridi anaita mwenzake aje walale pamoja."

"Mama, ni maua."

"Wewe kila asubuhi unayasalimia kwa jina. Leo ndiyo yamekuwa maua?"

Nakumbuka Mama alivyomgeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeulizwa swali darasani na jibu analijua, ila akilisema anafeli vilevile.

Nikaingilia, si nilishasema mdomo haufungwi. "Baba alisema akifukiwa anaoza!"

"Baba yako hayupo," Bibi akasema. "Huyu yupo." Akaonyesha Bwire. "Kwa sasa."

Mama akamweka Bwire kwenye mapaja ya Bibi. Akachukua jembe. Bibi alitaka kumsaidia, Mama akamwambia kaa, mwanangu namfunika mwenyewe. Nikamfuata. Akasimama pale, ule mgongo wa Nyamisi umetoka nje, umepata joto, na pembeni kajani kapya kameshaanza, kijani, urefu wa kidole changu. Alikuwa ameshika. Baba alisema anaweza kugoma na hakugoma. Mama akaona kale kajani, najua aliona, maana alikagusa. Kisha akavuta udongo. Akavuta mwingi, akashindilia kwa mguu kama tunavyoshindilia kaburi, akamwaga maji juu. Akasema, "Nyamisi, mwachie mdogo wako."

Hiyo tu. Akarudi ndani.

Bwire akapona. Siku zilipita, sikuhesabu, akaanza kulia tena, kilio kibaya kama cha paka, na Mama akawa anacheka kwa kilio kile. Labda ni udongo. Labda ni yule mama wa jirani aliyetufundisha maji ya chumvi na sukari kidogo, na kuchemsha. Mama hakusema ni kipi, na hata siku moja hakuulizwa, maana ungemuulizaje?

Nyuma ya nyumba harufu ikaanza. Siyo ile ya majivu. Nyingine, kama samaki aliyesahauliwa kwenye kikapu. Baba aliporudi akafukua kwa kidole. Kilitoka kama ugali uliochacha. Akamtazama Mama, akamtazama Bwire anavyonyonya, akafukia tena bila neno. Baba alikuwa mtu mzuri, hilo niliandike.

Mimi sasa, kwa akili zangu, nikaona wamebadilishana. Nyamisi ametoa zamu yake. Nikawa namwambia Bwire, hata kutambaa hajaanza, "Wewe unakula deni." Alikuwa ananijibu kwa kutema mate.

"Kuna nusu," Mama akasema siku moja, hakumsemea mtu. "Kuna nusu nyingine kule."

Tukaenda mimi na yeye, kwa miguu, kabla jua halijawa kali. Alikuwa anatembea mbele haraka, karai tupu kichwani. Mimi nyuma naimba. Tulipofika nikaacha kuimba. Hapakuwa na kwetu. Trekta lilikuwa limepita, kote, kutoka kwenye miamba mpaka bondeni, udongo umegeuzwa mistari mirefu. Lilikuwa shamba la pamba la kijiji. Mwamba ule mkubwa tuliokuwa tunaanikia mtama ulikuwepo, Mama akasimama mgongo wake umeegemea mwamba akawa anapima kwa macho. "Jiko lilikuwa hapa. Hapana. Hapa. Ghala hapa." Anahesabu hatua, anarudi, anaanza tena. Mara anafika mahali anapiga magoti, anafukua, anainuka.

Mimi ndiye niliyeona. Kipande, kidogo, kimekatwa na jembe la trekta, kimekauka juani kama kipande cha kuni. Mbele kidogo kingine. Vimevutwa mstari mrefu kama njugu zilizomwagika kutoka gunia lililotoboka. Nikafurahi, jamani. Nikamkimbilia.

"Mama! Trekta limemgawa! Baba alisema ukimgawa anaongezeka. Sasa Nyamisi atakuwa shamba zima!"

Mama akakipokea kile kipande. Akakiminya. Kikapukutika, ndani mchwa walishamaliza. Akapangusa mikono kwenye kanga.

"Twende," akasema. "Bwire atakuwa na njaa."

Hakunipiga wala hakulia. Njia nzima alitembea nyuma yangu safari hii. Asubuhi ya kesho yake alitoka na ndoo, akapita nyuma ya nyumba, nikatega sikio kitandani. Alipita tu.

Mwaka ule wote kila tulipopelekwa kupalilia pamba upande ule, Mama alikuwa wa kwanza kufika. Hakuna aliyepalilia kama yeye. Bonge la udongo halikupita bila kuvunjwa, anaponda kwa vidole, anatazama, anasonga. Mwenyekiti akamsifu mkutanoni, mbele ya watu, akasema igeni mfano wa Mama Bwire. Wakampa mche wa sabuni. Alisimama akaupokea, watu wanapiga makofi, na mimi peke yangu pale ndiye niliyejua mfanyakazi bora wa kijiji alikuwa anatafuta nini. Hakupata. Na tangu pale mtu akimwita Mama Bwire anaitika moja kwa moja.

Bibi alikufa baadaye, Baba akamfuata. Sasa Mama. Wa kwetu wanajua nakaaga Nyasho nauza dagaa na kusema ovyo, basi wiki ya msiba kila mtu alinitegemea nichekeshe. Nilichekesha. Halafu nikaenda Musoma mjini, kule karibu na ziwa, nikazunguka zile nyumba za zamani nachungulia nyua za watu kama mwizi, mpaka nikayaona, yamesongana chini ya ukuta, hayajagawanywa miaka. Mlinzi akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka kumsalimia dada yangu. Akaniona mwendawazimu, akanipa kipande niondoke.

Ndiyo nikawa nimepiga magoti pale, nimeshapaka majivu, nimeshapanda mgongo nje. Bwire, mwanaume mwenye kipara na watoto wanne, akashusha jembe begani.

"Dada, hujafukia."

"Nimemaliza."

"Limetoka nje hilo. Kaburi litaonekana halijafukiwa vizuri, watu watasema." Na akavuta udongo, kipande kikafunikwa.

Nikamshika mkono. "Usimfunike Nyamisi."

"Nyamisi nani?"

Nikamtazama kama ananitania. Hakuwa ananitania. Mtu mzima, na kwenye nyumba ile hakuna aliyewahi kumtajia, na mimi nikiwemo na mdomo wangu wote huu. Nikamwambia kaa chini. Akakaa kwenye mpini wa jembe. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, debe, karai, maji ya shimo, kajani kapya. Nilipofika kwenye mguu wa Mama unavyoshindilia alikuwa ameshika tumbo lake, pale pale ngozi ilipokuwa inasimama, kama linamuuma.

 Akapiga magoti akafukua kwa vidole, taratibu, mpaka mgongo ukatoka. Akapulizia mchanga uliobaki.

Jirani mmoja mzee akawa anapita na mbuzi wake, akasimama kutoa pole. "Mama Bwire amepata mahali pazuri," akasema.

"Mama Nyamisi," Bwire akamwambia.